Bei ya Ubaoni na Bei ya Mdomoni: Soko la Owino na Biashara ya Programu

Bei ya kitu humfikia mnunuzi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuiandika au kuitamka mahali ambapo kila apitaye ataiona au kuisikia: kwenye kibandiko, ubao, tangazo au tovuti. Njia ya pili ni kumwambia mnunuzi mmoja mmoja, baada ya kumtazama, kumsikiliza na kumpima. Hapa ya kwanza itaitwa bei ya ubaoni, ya pili bei ya mdomoni. Kampuni zinazouza programu za kompyuta, hasa zile zinazouzia shule, hospitali, vyama vya akiba na maduka, zimegawanyika kati ya njia hizi. Tovuti moja huonyesha malipo ya mwezi kwa kila mtumiaji. Nyingine hueleza sifa za mfumo kwa kurasa nyingi, na mahali pa bei pakawa na kitufe cha kuomba upigiwe simu. Mzozo wa ipi ni sahihi umekuwa wa muda mrefu, na kwa kawaida huendeshwa na watu wanaotazama programu peke yake. Unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa kutoka soko la Owino, Kampala, ambako njia zote mbili zinatumika siku nzima, wakati mwingine na mchuuzi yuleyule kwa nguo zilizotoka mzigo mmoja.

Bei za Owino

Jina rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa kumbukumbu ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa Novemba 1885 katika utawala wa Kabaka Mwanga na kuhesabiwa wa kwanza kati ya wafiadini Wakatoliki wa Uganda. Wenye soko na wateja wao wanasema Owino. Lilianzishwa mwaka 1971 katikati ya jiji, kando ya uwanja wa Nakivubo na mfereji wa jina hilohilo, karibu na stendi kuu ya zamani ya teksi. Idadi ya wachuuzi inayotajwa mara nyingi ni elfu 50. Hayo ni makadirio, lakini mtu aliyewahi kupenya vichochoro vyake siku ya Jumamosi hataona sababu ya kuyabishia. Wanunuzi hawatoki Kampala tu. Wapo wanaotoka Kongo, Sudan Kusini na Rwanda, na kwao Kiswahili ndicho lugha ya kupatana.

Upande wa chakula, bei nyingi ziko wazi. Kwenye gunia la mchele au maharage husimikwa kipande cha boksi chenye bei ya kilo moja iliyoandikwa kwa kalamu nene. Nyanya, viazi na vitunguu hupangwa mafungu, na bei ya fungu inajulikana. Kupatana hakujafa hapo, ila kumehamia upande mwingine: mnunuzi haombi ashushiwe, anaomba nyongeza. Msimu ukiwa mbaya, fungu la nyanya hupungua ukubwa siku kadhaa kabla muuzaji hajathubutu kugusa bei. Kwa hiyo hata bei ya ubaoni ina mlango wa nyuma, kwa kuwa kinachotangazwa ni shilingi na kinachobaki mkononi mwa muuzaji ni kipimo.

Upande wa nguo ndiko kwenye mambo. Owino inajulikana Afrika Mashariki nzima kwa mitumba, ambayo Uganda huitwa mivumba. Mitumba hufika katika mabelo: mizigo iliyokandamizwa na kufungwa kwa mikanda, mingi ikiwa na kilo 45 au 55. Nguo zimekusanywa Ulaya, Amerika Kaskazini, China au Korea, zikachambuliwa kwa aina na daraja, nyingine zikipitia maghala ya Sharjah, kisha zikashushwa Mombasa na kupandishwa Kampala kwa barabara. Belo lina maelezo machache kwa nje: mashati ya kiume, jinzi, nguo za watoto, mapazia. Kilichomo hakijulikani hata kwa mwagizaji. Mchuuzi hulipa kwanza na kufungua baadaye. Ni mbuzi kwenye gunia hasa, na mtu angetazamia kwamba hapo ndipo mvutano wa bei utakuwa mkali kuliko popote.

Sivyo ilivyo. Bei ya belo la aina fulani kwa mwagizaji fulani hujulikana na wachuuzi wote wa aina hiyo asubuhi ileile. Huulizana kwa simu, na anayenunua belo moja hupunguziwa kidogo au hapunguziwi kabisa. Shati lililotoka ndani ya belo hilo, likatundikwa juani ambapo kola inaonekana, vifungo vinahesabika na mshono unavutika, ndilo lisilo na bei. Litaanza kwa elfu 40 na kuishia elfu 15, au litaanza kwa elfu 20 na kutoshuka, kutegemea aliyesimama mbele yake.

Sababu ni kwamba belo lililofungwa limewaweka wote wawili gizani. Hakuna anayejua zaidi ya mwenzake, basi mabelo yote ya aina moja yanahesabiwa kuwa sawa, na vitu vilivyo sawa huelekea kupata bei moja. Likifunguliwa, kila shati linakuwa la pekee yake. Muuzaji sasa anajua kitu ambacho mnunuzi hakijui: belo limemgharimu kiasi gani, ni mashati mangapi mazuri yalitoka, na kama hili lina doa lililofichwa na mkunjo. Mnunuzi naye anajua asichojua muuzaji: anavyolitamani na kilichomo mfukoni. Mwanauchumi George Akerlof alieleza mwaka 1970 jinsi soko la magari yaliyotumika linavyoweza kudhoofika kwa sababu muuzaji anazijua kasoro na mnunuzi hazijui. Belo limeepuka maradhi hayo kwa kumfumba macho muuzaji pia. Ndiyo maana hakuna tuhuma inayowachoma wachuuzi kama ile ya kwamba belo lilifunguliwa ghalani, likachambuliwa, kisha likafungwa upya. Likishafunguliwa upande mmoja, ile bei moja ya wote inapoteza msingi wake.

Bei ya shati nayo ina umri. Asubuhi ya kufungua belo, wenye maduka ya nguo mjini na wachuuzi wenye macho makali huchagua kwanza, na kwao bei hutajwa kwa sauti ya chini, mtu na mtu wake. Siku zinavyopita daraja linashuka. Mwishowe mabaki humwagwa juu ya turubai na kijana anasimama juu yake akiimba “lukumi, lukumi”, yaani elfu moja kila kimoja, bila kujali anapita waziri au mpiga debe. Hapo bei imetangazwa kwa wote, haipatani, wala hakuna anayeulizwa anatoka wapi. Waswahili walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na methali hiyo inaeleza hofu moja ya wauza programu ambayo hawaisemi wazi: wanaona bei iliyobandikwa hadharani itaifanya bidhaa yao ifanane na rundo la mwisho la turubai.

Kwa nini kupatana hakumwumizi sana mnunuzi wa Owino

Clifford Geertz, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyechunguza soko la mji wa Sefrou, Moroko, aliandika mwaka 1978 kwamba katika soko la namna hii habari ndiyo kitu adimu kuliko bidhaa. Ubora haujulikani, bei hazijulikani, na kazi kubwa ya kila mtu ni kutafuta kujua. Aliona njia mbili za kuikabili hali hiyo. Moja ni kupatana. Nyingine ni uteja wa kudumu, yaani mnunuzi kurudi kwa muuzaji yuleyule hadi wakazoeana na hesabu za kudanganyana zikawa hazilipi. Owino ina zote mbili. Mama anayevalisha watoto sita ana watu wake wa sweta za shule, na hao watamwambia bei ya kweli mapema ili waendelee na shughuli. Mgeni hana watu wake, na hulipia ugeni wake.

Hata mgeni, hata hivyo, ana silaha moja. Akitajiwa elfu 40 akageuza mgongo, kibanda kinachofuata kiko hatua mbili mbele na kina mashati. Mara nyingi hafiki huko kabla hajaitwa: “Ssebo (bwana), njoo, toa ngapi?” Kuondoka ni sehemu ya mazungumzo, na hakumgharimu kitu zaidi ya kuzungusha mwili. Kwa muda wa saa moja anaweza kutajiwa bei kumi za jinzi, na kufikia ya kumi ameshajua jinzi ni shilingi ngapi. George Stigler, aliyeandika kuhusu uchumi wa habari mwaka 1961, angeona pale somo lake zima: tofauti za bei sokoni ni kipimo cha kutojua, na kutojua hupungua kadiri kutafuta kunavyokuwa rahisi.

Mtu anayewatetea wauza programu kwa kusema kwamba kupatana ni desturi yetu Waafrika amelisahau hilo. Desturi ya Owino ni kupatana palipo na wauzaji mia mbele ya macho. Ukiwaondoa hao mia, kinachobaki ni mtu mmoja anayejua bei na mwingine asiyeijua.

Kibandiko cha bei kilivyozaliwa

Bei moja kwa wote si ya zamani sana hata Ulaya. Waprotestanti wa kundi la Quaker, Uingereza, waliishikilia kuanzia karne ya 17 kwa sababu za dini, wakiona kwamba kutaja bei usiyoikusudia ni uongo. Ilienea katika karne ya 19 pamoja na maduka makubwa: Au Bon Marché la Aristide Boucicaut mjini Paris kuanzia 1852, A. T. Stewart mjini New York, John Wanamaker mjini Philadelphia. Uadilifu ulikuwa na nafasi yake, lakini sababu nzito zaidi ilikuwa ya uendeshaji. Mwenye duka mwenye wauzaji walioajiriwa kwa mamia hawezi kumwachia kila mmoja wao uamuzi wa bei. Baadhi watashusha mno, baadhi wataweka cha juu mfukoni. Kibandiko kilikuwa njia ya kumdhibiti mwajiriwa kabla hakijawa njia ya kumheshimu mteja. Owino hakuna tatizo hilo, kwani anayeuza ndiye mwenye mali, au ni mpwa wake.

Programu: bidhaa moja, wanunuzi tofauti

Ukiitazama kwa macho ya Owino, programu ni kinyume cha shati. Nakala zote ni sawa kabisa. Mfumo wa kuandikisha wanafunzi na kupokea karo unaweza kuwa uleule katika shule ya kijijini Masaka na katika shule ya kimataifa Kampala, herufi kwa herufi. Kwa kanuni ya belo, bidhaa inayofanana namna hii ndiyo ingekuwa ya kwanza kubandikwa bei.

Kinachozuia ni gharama. Mchuuzi wa shati ana sakafu: bei ya belo ukiigawa kwa idadi ya mashati yanayouzika. Chini ya hapo anakula mtaji, na mnunuzi mzoefu anakisia sakafu hiyo ilipo. Programu gharama yake kubwa iko nyuma, kwenye miaka ya kuiandika. Nakala inayofuata haigharimu karibu chochote. Kwa kuwa hakuna sakafu, shilingi yoyote inayopatikana ni afadhali kuliko kukosa, na hakuna dari isipokuwa uwezo wa mnunuzi. Kishawishi cha kumpima mteja kabla ya kumtajia bei ni kikubwa kwa muuza programu kuliko kwa mchuuzi yeyote wa Nakivubo. Tofauti iko kwa mnunuzi, si kwenye bidhaa.

Kumpima mnunuzi si dhambi kwa asili yake. Shule ya kijijini ikilipa sehemu ndogo ya inayolipwa na shule ya kimataifa, zote zinapata mfumo, na kampuni inaishi. Bei moja ya ubaoni ingelazimika kuchagua: ama iwe ya chini na kampuni ife, ama iwe ya juu na kijiji kibaki na daftari. Huu ndio utetezi wenye nguvu zaidi wa bei ya mdomoni, na ajabu ni kwamba wauzaji huutumia kwa nadra. Pengine wanajua kwamba mizani hiyo huinamia pia upande wa pili. Mwaka 2013 kamati ya Bunge la Australia, baada ya kuwaita Apple, Microsoft na Adobe kujieleza, iliripoti kwamba Waaustralia walikuwa wakilipia programu na vifaa vilevile mara nyingi kwa bei iliyozidi ya wanunuzi wa nchi nyingine kwa asilimia 50 au zaidi. Bei zile zilikuwa za ubaoni, zimetangazwa wazi, ila ubao wa Sydney haukuwa ubao wa San Francisco. Intaneti ndiyo iliyowawezesha watu kuziweka mbao hizo mbili pamoja.

Hoja ambayo wauzaji huitoa kwanza ni kwamba kila mteja ana kazi yake. Kuna kuhamisha kumbukumbu za zamani, kuunganisha na benki au pesa za simu, kuwafundisha wahudumu, kwenda Arua kufunga mashine. Ni kweli, na hakuna anayeweza kuibandikia kazi hiyo bei kabla hajaiona. Lakini hoja hii inahusu kazi, haihusu leseni. Fundi cherehani wa Owino hawezi kukutajia gharama ya kurekebisha suti kabla hajaiona imevaliwa; gharama ya kukunja pindo la suruali ataitaja papo hapo. Kampuni inayochanganya leseni na kazi katika tarakimu moja kwenye profoma inamnyima mnunuzi nafasi ya kuona kipi ni kipi, na mwaka wa pili, kazi ikiwa imekwisha, bei ya kuhuisha leseni mara nyingi inakuja ikiwa imebeba kumbukumbu ya kazi ile.

Husemwa pia kwamba washindani wataona. Kwa Kampala hoja hii ni dhaifu kuliko inavyosikika. Serikali ya Uganda na taasisi zake ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa mifumo, na ununuzi wao huongozwa na sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2003. Katika zabuni ya wazi, bei za wazabuni husomwa kwa sauti siku ya kufungua bahasha, mbele ya wawakilishi wa kampuni zote zilizoomba. Kampuni ambayo haitaki kuandika bei kwenye tovuti yake imekaa katika chumba hicho ikisikiliza bei za wenzake, nao wakisikiliza yake. Siri iliyobaki inamhusu mtu mmoja tu ambaye hakuwamo chumbani: mwenye duka la dawa wa Wandegeya anayetaka mfumo wa kuuzia.

Mwenye duka huyo ndiye anayestahili kutazamwa kwa makini. Kwake kutafuta ni kazi ya wiki. Anajaza fomu kwenye tovuti, anasubiri kupigiwa, anaulizwa ana matawi mangapi na wafanyakazi wangapi (hapo anapimwa), anapangiwa siku ya maonyesho, anatumiwa profoma yenye ukomo wa siku 14. Kupata bei tatu kunaweza kumchukua mwezi. Akishanunua na kuingiza dawa 2,000 na madeni ya wateja ndani ya mfumo, kuondoka kunakuwa ghali zaidi ya kuingia. Hatua mbili za kwenda kibanda cha pili hazipo. Masharti yaliyoifanya bei ya mdomoni ivumilike Owino hayapo hata moja, na jina la desturi haliwezi kuyaleta.

Kuna pia swali la nani anapimwa vipi. Ian Ayres na Peter Siegelman, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, waliwatuma watu waliofunzwa kusema maneno yaleyale kwenda kuulizia magari mapya katika maduka ya eneo la Chicago. Wanaume weupe walitajiwa bei za chini kuliko weusi na kuliko wanawake. Kila anayenunua Owino anajua bei ya mzungu ipo, na wanawake wanajua ipo ya fundi simu na ya fundi magari. Mnunuzi wa programu hujipimisha mwenyewe kwa kujaza fomu: jina la taasisi, cheo, idadi ya watumiaji.

Bei ilipotangazwa

Kampala ina mfano wake wa programu iliyoua kupatana katika biashara iliyokuwa yote ya mdomoni. SafeBoda, iliyoanzishwa jijini mwaka 2014, na Uber, iliyoingia 2016, zilimwonyesha abiria nauli kabla hajapanda. Kabla ya hapo nauli ya bodaboda kutoka Owino hadi Ntinda ilitegemea mvua, mizigo, saa, viatu vya abiria na lafudhi yake. Abiria wengi waliipokea nauli ya kwenye skrini kwa furaha, hasa wale waliokuwa wakitozwa ugeni. Waendeshaji waliipokea kwa shingo upande, na wengi bado huzima programu na kurudi kupatana kunaponyesha, kwa kuwa kampuni iliwaondolea haki ya kutaja bei bila kuwaondolea hatari za barabarani. Tofauti na duka la Boucicaut, aliyedhibitiwa na kibandiko hapa si mwajiriwa.

Pesa za simu zilienda mbali zaidi. MTN ilipoanzisha huduma yake Uganda mwaka 2009, jedwali la makato lilibandikwa kwenye vibanda vya mawakala, na leo hata asiyejua kusoma vizuri anajua kutoa elfu 50 kunakatwa kiasi gani. Miongozo ya Benki Kuu ya Uganda ya mwaka 2011 kuhusu ulinzi wa watumiaji iliwataka watoa huduma za fedha kuweka ada wazi. Kenya, Mamlaka ya Ushindani iliagiza mwaka 2016 kwamba mteja wa huduma za fedha za simu aonyeshwe gharama kabla hajathibitisha muamala. Hizi ni programu, na bei zake ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi katika kanda hii. Hakuna kampuni iliyofilisika kwa ajili ya jedwali. Wakati huohuo kampuni za simu zimejifunza kurudisha mdomo kupitia dirisha: Tunukiwa ya Safaricom, Kenya, humpa kila mwenye laini ofa zake mwenyewe za data na dakika, na jirani yake akibonyeza namba ileile anaona nyingine. Bei ya ubaoni imebaki ubaoni, na chini yake kuna kijana wa kukunong'oneza.

Pale kutangaza kulipopandisha bei

Watetezi wa bei ya wazi huchukulia kwamba uwazi hushusha bei. Denmark ilichukulia hivyo mwaka 1993, mamlaka yake ya ushindani ilipoanza kuchapisha bei halisi walizouziana wazalishaji wa zege tayari na wateja wao. Katika muda usiozidi mwaka mmoja bei hizo zilipanda kwa asilimia 15 hadi 20. Wazalishaji walikuwa wachache, zege ni zege, na sasa kila mmoja aliweza kuona mara moja mwenzake akimpunguzia mteja kwa siri. Punguzo la siri lilikuwa ndilo ushindani wenyewe. Lilipoanikwa, halikuwa na faida tena kulitoa. Chile ilipovitaka vituo vya mafuta kuonyesha bei zao kwenye tovuti ya serikali mwaka 2012, faida za vituo ziliongezeka kwa wastani, ingawa ongezeko lilikuwa dogo pale wanunuzi walipoitumia tovuti kwa wingi.

Mifano hiyo haipaswi kupuuzwa mahali ambapo mifumo ya aina fulani, tuseme ya vyama vya akiba na mikopo, inauzwa na kampuni chache. Lakini itazamwe kilichotangazwa. Denmark ilianika bei ya kila mauzo, punguzo na yote. Kampuni ya programu inapobandika bei ya kuanzia, haijamwonyesha mshindani punguzo itakaloipa hospitali ya misheni wiki ijayo. Imemwonyesha mnunuzi kama yuko katika soko la shilingi milioni moja au milioni 30, na hilo ndilo jambo ambalo mwenye duka wa Wandegeya hana njia nyingine ya kulijua. Nionavyo mimi, hapo ndipo mpaka unapokaa vizuri: dari na sakafu ziwe wazi, yaliyo katikati yazungumzwe.

Jicho la kodi

Afrika Mashariki wauzaji wana sababu nyingine ya kuipenda bei ya mdomoni, ambayo vitabu vya uchumi vya Marekani havina nafasi nayo. Bei iliyoandikwa inasomwa na mtoza kodi pia. Kuanzia Januari 2021 Mamlaka ya Mapato ya Uganda imewataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT kutoa risiti kwa mfumo wa kielektroniki wa EFRIS, unaopeleka kila mauzo kwenye mamlaka papo hapo. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kuupinga. Malalamiko yao mengi yalihusu faini na ugumu wa mfumo, lakini chini yake palikuwa na jambo la kibiashara tupu: mwagizaji anapomuuzia mchuuzi bila risiti, mchuuzi naye hana karatasi ya kuthibitisha alinunua kwa bei gani, na anaponyooshewa kidole kuhusu faida yake hana pa kushika. Mnyororo wote, kutoka belo hadi shati, ulikuwa wa mdomoni. Programu moja iliingizwa katikati yake na kuudai maandishi.

Kampuni za programu za Kampala zinajua hali hii vizuri, kwa kuwa nyingi zinauza mifumo ya kuuzia inayounganishwa na EFRIS. Zinamfundisha mchuuzi kuandika bei ya kila kitu rafuni, kisha zikiulizwa bei ya mfumo wenyewe husema inategemea.

Yanayobaki nje ya ubao

Bei ya tovuti inapokuwepo, kwa kawaida ni ya kampuni ya nje na iko kwa dola, kwa kila mtumiaji, kwa mwezi, kukiwa na sharti la maandishi madogo kwamba italipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mnunuzi wa Kampala huongeza VAT ya asilimia 18, ada ya benki kwa kutumia kadi nje ya nchi, na tofauti ya kubadilisha fedha siku ya malipo. Uganda pia imekuwa ikiwatoza watoa huduma za kidijitali wasio wakazi kodi ya asilimia 5 ya mapato tangu Julai 2023, na kodi ya namna hiyo haikawii kuteremkia kwenye ankara ya mteja. Kampuni ya hapa nyumbani inayotaja bei yake kwa shilingi, kodi ikiwa ndani, ina faida ya kweli dhidi ya hizo za nje, na inaitupa faida hiyo kila inapoficha tarakimu.

Vitu vitatu hukosekana hata kwenye mbao zilizo bora: bei ya mwaka wa pili, bei ya kumwongeza mtumiaji wa kumi na moja pale kifurushi kinapoishia kumi, na gharama ya kutoka, yaani kuchukua kumbukumbu zako zote katika faili linalosomeka na mfumo mwingine. Mwenye duka akiulizia cha tatu kabla ya kusaini, mazungumzo ya bei hubadilika mara moja, kwa kuwa sasa muuzaji anajua kwamba mteja huyu amekwisha kuangalia mlango uko wapi.